Jiko jipya Dodoma: lichague kwa sufuria, kisha rudi kupika

Ofisi za serikali zilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi kuanzia 2016, wengi walikuja na begi na godoro, wakanunua mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye pleti juu yake "kwa kuanzia", na mpaka leo wanapikia huohuo. Asubuhi unachemsha chai, siku ya mvua unakaanga yai, chakula kingine chote kinatoka kwa mama ntilie au kwenye banda la chipsi. Mama ntilie sina neno nao. Wapo wanaosonga ugali kuliko wengi wetu. Ila mtu anayelalamika kwamba amesahau kupika mara nyingi hajasahau kitu. Ana moto mmoja tu, tena juu ya mtungi unaoyumba. Wali ukiwa motoni mboga inasubiri, mboga ikipanda wali unapoa, mwisho anachukua simu na kuagiza.

Kama huyo ni wewe na umeshaweka fedha ya jiko pembeni, fuata hatua hizi. Zinafaa pia kwa aliyeko Singida, Kondoa, Kongwa au Manyoni, maana mambo ya huku kati yanafanana: upepo, maji ya chumvi na nafaka zetu.

1. Andika vyakula vyako kabla ya kwenda dukani

Kaa na karatasi, andika ulichokula wiki iliyopita na ambacho ungependa kukila kama ungekuwa na moto wa kutosha. Usiandike keki ya harusi. Andika ugali, wali, maharage, mchicha, chapati, samaki, uji wa mtoto. Kisha angalia vingapi vinapikwa kwa pamoja. Nyumba nyingi zinahitaji moto wa namna mbili kwa wakati mmoja: mkubwa wa ugali au wali na mdogo wa mboga. Wa tatu ni wa chai. Wa nne hukalia sufuria iliyofunikwa ikisubiri watu warudi kutoka kazini, na huo unaweza kabisa kukaa bila kuwashwa.

Halafu pima. Chukua utepe, pima mahali jiko litakapokaa: upana, kina, na umbali wa kutoka hapo hadi kwenye pazia, dirisha na soketi ya umeme. Nyumba nyingi za kupanga Ilazo, Nkuhungu au Nzuguni zina jikoni finyu, na jiko la kusimama la sentimita 60 likiingia, mlango wa kabati haufunguki tena.

2. Amua aina

Jiko la mezani la pleti mbili linatosha watu wanne bila shida. Ni jepesi, ukihama unalibeba kwenye bajaji, na likiharibika fundi yeyote analijua. Ningekuwa naishi peke yangu nisingenunua zaidi ya hapo.

Jiko la kusimama lenye oveni linamfaa mwenye familia, na mwenye nyumba yake au mkataba wa kueleweka na mwenye nyumba. Mengi madukani ni ya pleti tatu za gesi na moja ya umeme, oveni ikiwa ya umeme. Mpangilio huo ni mzuri kwa sababu umeme ukikatika bado unapika, na gesi ikiisha usiku hulali njaa. Ila soma kibandiko cha nyuma. Oveni ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja inakula uniti mbili (kilowati-saa mbili) za LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Kama umeme wako uko daraja la D1, lile la matumizi madogo lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, kuoka mara kwa mara kutakuvusha huo ukomo, na uniti zinazozidi zina bei nyingine kabisa. Jiko la namna hiyo pia linataka soketi yake lenyewe iliyovutwa na fundi umeme kwa waya mnene. Ekstensheni ya kuchajia simu itayeyuka.

Kuna na jiko la presha la umeme, ambalo wengi hulidharau kwa sababu linafanana na chombo cha wali. Mimi nalipa heshima kubwa, na sababu utaiona tukifika kwenye maharage.

Usilitupe jiko la mkaa. Mahindi ya kuchoma na nyama ya Jumapili vina ladha yake, na wageni wakiwa thelathini gesi haifui dafu.

3. Nenda dukani na sufuria

Hapa ndipo watu wananicheka, na hapa ndipo fedha inapookolewa. Chukua sufuria kubwa unayosongea ugali na mwiko wako, tia kwenye mfuko, nenda navyo. Mwombe muuzaji: "Kaka, naomba niijaribu sufuria yangu hapa." Atatabasamu, lakini atakuachia.

Iweke juu ya pleti kubwa. Je, imekaa au inacheza? Majiko mengi yametengenezwa kwa ajili ya vikaango na sufuria nyepesi zenye kitako bapa. Zetu zina kitako cha mviringo kidogo na hazina mikono. Shika ukingo kwa kitambaa, ingiza mwiko, songa hewa kwa nguvu ileile unayotumia kwenye ugali wa watu sita. Jiko la mezani likiteleza juu ya meza ya duka, jikoni kwako litateleza zaidi, tena likiwa na moto. Angalia miguu yake kama ina mpira, na vyuma vya kuegeshea sufuria kama ni vizito vya chuma cha kumimina au ni waya uliopindwa.

Uso wa kioo unapendeza na unafutika haraka. Lakini kioo, hata kile kigumu, hakipendi kudondoshewa sufuria ya ugali, wala maji baridi kikiwa cha moto. Nyumba yenye watoto wanaosonga wenyewe, chukua chuma kisichoshika kutu.

Weka sufuria mbili kwa pamoja uone kama zinatosha bila kusukumana. Majiko ya pleti nne mara nyingi yanashindwa mtihani huu: sufuria kubwa mbili zikipanda, pleti mbili nyingine zimefunikwa.

Kisha chungulia pleti zenyewe. Pembeni ya matundu ya moto kunaweza kuwa na vijiti viwili vyembamba. Kimoja ni cha kutoa cheche ya kuwashia. Cha pili, kama kipo, ni cha usalama: moto ukizimwa na upepo au uji uliofurika, kinapoa na kufunga gesi chenyewe. Kwa mji wenye upepo kama Dodoma, ningelipa zaidi ili nikipate hicho cha pili. Muulize muuzaji, na umwambie akuonyeshe kwa kidole. Ukiwa hapo soma na kibandiko kama jiko limetengenezwa kwa LPG, gesi ya mtungi, maana yapo yaliyotobolewa kwa gesi ya bomba, na hayo kwa mtungi yanatoa moto mkubwa wa njano wenye masizi.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na karatasi ya waranti iliyogongwa muhuri siku hiyohiyo. Ukisema utarudi kesho kuifuata, hutarudi.

4. Mtungi, regulata na mpira

Mitungi ya majumbani huku ni ya kilo 6, 15 na 38. Ukiwa na pleti mbili au zaidi chukua wa 15, na ule wa 6 ubaki akiba.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya gesi ina nishati ya karibu kilowati-saa 13. Pleti kubwa ikifunguliwa yote inakula karibu kilowati 3, kwa hiyo kilo moja inakwenda saa nne na kidogo. Pleti ndogo ya kilowati 1 inakwenda saa kumi na tatu hivi kwa kilo hiyohiyo. Anayelalamika kwamba gesi inaisha haraka, mara nyingi anapikia kila kitu kwenye pleti kubwa, moto ukilamba mpaka nje ya sufuria. Moto unaopanda ubavuni mwa sufuria unapasha jikoni tu.

Unapobadilisha mtungi, upime. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, na muuzaji anapaswa kuwa na mizani. Ukisoma 16.2, mtungi wa kilo 15 uliojaa usome 31.2. Huhitaji kugombana, sema tu "tupime kidogo" kabla ya kulipa.

Regulata, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza msukumo wa gesi, iendane na mdomo wa mtungi, kwani midomo haifanani kwa kampuni zote. Mpira uwe wa gesi, ulioandikwa hivyo na kuwekwa tarehe, usizidi mita moja na nusu, na ubanwe kwa klipu za skrubu pande zote mbili. Mpira wa kumwagilia bustani, hata ukiingia vizuri, haufai. Njiani mtungi usilazwe kwenye bodaboda, usimame wima.

5. Kulifunga, na suala la upepo

Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kujikusanya kwenye pembe na chini ya makabati. Kwa hiyo mtungi usimame mahali penye upenyo wa hewa chini, si ndani ya kabati lililofungwa. Fundi anayeweza kutoboa ukuta na kuupeleka mtungi nje, kwenye kijibanda chenye kufuli na kivuli, amekufanyia jambo la maana. Jua la Dodoma la mchana si la kuuachia mtungi.

Kuhusu upepo: kipindi cha kiangazi, hasa kati ya Juni na Septemba, mji huu unapigwa na upepo wenye vumbi tangu asubuhi. Jiko likiwa mkabala na dirisha, moto unalala upande mmoja, sufuria inaungua kushoto na kubaki mbichi kulia. Usifunge dirisha kabisa, maana hewa inahitajika. Sogeza jiko pembeni ya dirisha, au weka bati la kukinga upepo upande mmoja, mbali na regulata na mpira.

Ukimaliza kufunga, tengeneza povu zito la sabuni, paka kwenye maungio yote: mtungi na regulata, regulata na mpira, mpira na jiko. Fungua gesi ukiwa hujawasha chochote. Povu likitoa mapovu yanayokua, panavuja. Funga, kaza, rudia. Usijaribu kwa kiberiti. Na siku yoyote ukisikia ile harufu kali wanayoitia makusudi kwenye gesi, usiguse swichi ya taa, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

6. Moto wa kwanza

Moto mzuri ni wa bluu, mfupi, unaosikika kidogo. Ukiwa wa njano na sufuria ikishika masizi, matundu yameziba au hewa haichanganyiki sawasawa. Ita fundi kabla hujazoea. Oveni mpya iwashe tupu kwa nusu saa, madirisha wazi, harufu ya mafuta ya kiwandani itoke.

7. Sasa pika

Wiki ya kwanza usijaribu mapishi ya kwenye simu. Pika ulichokulia. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034, na ni lengo jema, lakini hakuna mkakati utakaokuchagulia mboga. Nenda Majengo au Sabasaba asubuhi, nunua vichache.

Anza na mlenda, maana ndio mboga ya hapa na unakuwa tayari kabla ugali haujaiva. Ule uliokaushwa na kusagwa unauzwa kwa kopo na unakaa miezi. Chemsha vikombe viwili vya maji pamoja na nyanya na kitunguu vilivyokatwa, chumvi, na chembe ya magadi. Vikilainika, nyunyiza unga wa mlenda kidogokidogo ukikoroga, vijiko vitatu vinne hivi, kisha tia karanga zilizosagwa vijiko viwili. Punguza moto, dakika kumi zinatosha. Usifunike. Mlenda ukifunikwa unapanda na kumwagika kwenye pleti, ukikauka unaziba matundu, na kuutoa hapo unahitaji sindano na subira.

Ugali wa uwele au mtama nao unataka kuzoeleka kwenye gesi. Moto wa gesi unapiga katikati, tofauti na mkaa unaopasha kitako chote, hivyo ukiuacha wote unaunguza chini kabla juu hakujaiva. Koroga kwanza unga kwenye maji baridi, tengeneza uji, uchemke dakika tano kwa moto mkubwa. Kisha shusha moto nusu, ongeza unga huku ukisonga mpaka ugali ukamatane, geuza, funika, peleka kwenye pleti ndogo dakika tatu. Unga wa uwele usage kidogo kidogo. Una mafuta yake ya asili, na ukikaa wiki kadhaa unaanza uchungu. Ukionja ugali mchungu, kosa si la jiko.

Maharage ndiyo yanayowakatisha tamaa wageni wa Dodoma. Mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 96 hivi, si 100 kama Tanga au Dar es Salaam. Ongeza kwamba maji yetu mengi ya visima yana chumvichumvi na ugumu, na ugumu huo unachelewesha ganda la maharage kulainika. Aliyetoka pwani anayachemsha saa mbili, yanabaki yanagonga meno, anaapa kwamba amepunjwa sokoni. Wakati mwingine kweli amepewa ya misimu miwili iliyopita, lakini mara nyingi ni mji tu.

Dawa yake: loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, chemsha kwa maji mapya, chumvi na nyanya uzitie mwishoni. Jiko la presha la umeme ndipo linapolipa gharama yake. Presha inapandisha joto la maji juu ya nyuzi 100 hata kama uko mlimani, na la wati 1,000 likishafika presha linakata na kuwasha umeme lenyewe, kwa hiyo maharage yaliyolowekwa yanaiva bila kufikisha uniti nzima. Ukitaka kuhakikisha, soma mita ya LUKU kabla na baada. Kuku wa kienyeji wa Singida naye, yule jogoo mwenye misuli, humo hana ubishi. Dakika arobaini zinamtosha. Siku usiyo na muda wala presha, pika choroko au kunde, hazina makuu.

Mafuta: ya alizeti yaliyokamuliwa mitaani ni matamu kwenye mboga za majani na kachumbari ya kupasha, lakini yasiyosafishwa yanawahi kutoa moshi. Yatumie kwa moto wa kati, na maandazi yakaange kwa yaliyosafishwa.

Kama una oveni, ipe kazi moja kila mwisho wa wiki ili isigeuke kabati la sufuria. Perege wa Mtera wanaingia vizuri: wachane ubavuni, paka chumvi, ndimu, kitunguu saumu na mafuta, nyuzi 200, dakika 25 baada ya oveni kushika moto. Chini yao panga viazi vitamu, vinaanza mapema dakika ishirini. Keki ukiipika kwa maelekezo ya pwani inaweza kuumuka haraka kisha ikabonyea katikati. Punguza beking pauda kidogo tu, kama robo ya kiasi, na uongeze maziwa vijiko viwili.

8. Utunzaji, kwa ufupi

Futa kila usiku jiko likiwa la uvuguvugu. Matundu ya pleti yachokonoe kwa sindano kila yanapopungua moto, kisha kausha kabla ya kuwasha. Birika na sufuria zitaota utando mweupe wa maji yetu. Chemsha humo maji na ndimu mbili au siki kidogo, uache usiku. Vumbi la kiangazi linaingia hata kwenye swichi za jiko, kwa hiyo lifunike kwa kitambaa likishapoa.

Mpira ukianza kupasuka juujuu au kuwa mgumu, badilisha hata kama haujavuja. Na bandika kipande cha plasta kwenye mtungi, andika kwa kalamu tarehe uliyoufunga. Mitungi miwili mitatu ikipita utajua nyumba yako inakula gesi kwa wiki ngapi, na ule wa kilo 6 utakuwa umejazwa kabla haujahitajika.